Mikaratusi Iliyokosekana kwenye Ramani

Ninyi vijana mnaonicheka kwa sababu ninalaza simu mezani na kuandika ujumbe kwa vidole vyote kumi, chekeni tu, nimezoea. Nilianza kufundisha taipu kabla wazazi wenu hawajajuana. Nimemaliza kazi nikifundisha akili mnemba, ile ninyi mnaiita AI, na hapo katikati nimefundisha kila kitu chenye vitufe isipokuwa kinanda cha kanisa. Mmeniuliza nilijifunza nini katika miaka yote hiyo. Nitawajibu hapa kwa maandishi, lakini nitazunguka kidogo, maana nimestaafu na hakuna kengele ya kunikatiza.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bi. Yunes, mwalimu wa taipu katika chuo kimoja cha ufundi huko Nyansiongo. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilitosha kuuzia ndizi soko zima. Alifunika mikono yetu kwa kitambaa ili tusitazame vitufe, na ukichungulia alikugonga kidole kwa rula. Siku moja nilipiga barua ya mkuu wa chuo kwa nakala nne, karatasi za kaboni zikiwa katikati, nikakosea tarehe ya mkutano wa wazazi. Nikaifuta kwenye nakala ya juu, nikaandika upya, nikajiona mjanja. Nakala tatu za chini zilikwenda na kosa lake, na nusu ya wazazi wakaja Jumatatu, nusu nyingine Alhamisi. Bi. Yunes hakunifokea. Alinipa zile karatasi za kaboni nizibebe kwenye mkoba wangu wiki nzima, mpaka leso zangu zote zikawa na rangi ya buluu. Hata leo nikiona mtu anasambaza habari kwenye makundi ishirini ya simu bila kuisoma, vidole vyangu huanza kuwasha.

Baadaye taipureta zikatupwa stoo na kompyuta zikaja. Zilikuja kabla ya umeme, kwa hiyo mwaka mzima nilifundisha kompyuta kwa kuchora ubaoni. Nilichora kipanya kikubwa kiasi cha mkate ili hata wa nyuma waone. Umeme ulipofika, mwanafunzi mmoja alishika kipanya chenyewe, akakigeuza, akaniuliza kwa huzuni kama hiki ni mtoto wake.

Sasa nije kwenye hadithi mliyoitaka. Miaka miwili kabla ya kustaafu, kanisa letu hapa Nyaramba liliniomba nifundishe akili mnemba kundi la vijana watetezi wa tabianchi. Walikuwa kumi na mmoja, wenye hamu ya kuokoa dunia nzima, na laptopu moja. Tulikutana Jumapili na Jumatano katika ukumbi wa kanisa. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na akaunti moja, kila mtu alichouliza kilibaki pale pembeni mwa skrini, na anayemfuata angeweza kukisoma. Niliwaambia hivyo siku ya kwanza. Hawakunisikia, kama kawaida ya siku ya kwanza.

Wawili mtawasikia zaidi. Mogaka alikuwa kijana wa maneno mengi aliyeamini kwamba akipata kamera nzuri atakuwa mtu maarufu. Moraa alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye akili kuliko sisi sote, ila alizungumza akitazama sakafu. Ukimuuliza swali, jibu sahihi ulilipata, lakini saruji ndiyo iliyoambiwa.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa bango. Mogaka aliiagiza akili mnemba imchoree chemchemi inayokauka nchini Kenya, ikampa udongo uliopasuka, miiba, na twiga mmoja mwenye majonzi. Nilimuuliza mara ya mwisho kukutana na twiga hapa Nyaramba ilikuwa lini.

"Madam, huyo twiga ni ya wafadhili," akasema.

Tuliifuta ile picha. Nikawafundisha jambo ambalo ningependa mlishike hata mkisahau mengine yote. Hiyo mashine ichukulieni kama mgeni aliyesoma sana, mwenye adabu, ambaye hajawahi kukanyaga kaunti yetu ya Nyamira. Mweleze kwamba hapa ni vilima na mvua, kwamba shamba la mtu huanzia barabarani juu na kuteremka kama utepe hadi mtoni, kwamba tunapanda chai juu na migomba kando ya nyumba. Mwambie wewe ni nani na unataka kumwambia nani. Akikupa maneno, nenda umsomee bibi yako kwa Ekegusii, lugha yetu. Bibi akiuliza habari hizo ni za watu gani, rudi ukaanze upya.

Bango likaisha, tukaingia kazi kubwa. Bonde la chini ya nyumba zetu lina chemchemi ambayo kijiji chote huchota. Ilikuwa imeanza kukauka, na ofisi ya wadi ilitangaza kwamba mwaka huo itachagua chemchemi moja tu ya kujengea na kulinda. Kila kundi lilete ushahidi wake kwenye kikao cha wananchi baada ya wiki tatu. Mama yake Moraa, Bosibori, alikuwa na goti bovu. Chemchemi yetu ikiachwa ife, angelazimika kuchota maji ng'ambo ya kilima, kupanda na kushuka, na Moraa alisema wazi kwamba mama yake hataweza. Kwa hiyo kwa wengine lilikuwa zoezi, lakini kwa Moraa lilikuwa goti la mama yake.

Tulihitaji kuonyesha kwamba maji yamepungua, na hakuna aliyekuwa ameyapima zamani. Vijana waliuliza mashine, nayo ikakiri kwamba haina habari zozote za chemchemi hiyo. Niliipenda kwa hilo. Nikawatuma kwa wanawake wanaochota. Bosibori akawaambia kwamba alipoolewa hapa, mtungi wa lita ishirini ulijaa kabla hajamaliza wimbo mmoja wa kanisa, na sasa anamaliza nyimbo nne na kuanza kuomba. Wanawake wengine sita walitoa hesabu zao kwa nyimbo hizohizo. Basi tukaenda pale chini, kina mama wakaimba, Mogaka akashika saa ya simu, tukageuza nyimbo kuwa dakika. Mashine ikatuchorea grafu nzuri ajabu. Bi. Yunes angeipiga muhuri.

Kisha tukahitaji ramani ya mikaratusi, kwa sababu miti hiyo hunywa maji kwa pupa na imejaa kando ya kijito. Hapo tulifanya kosa ambalo nadhani lingefanyika kwetu tu. Vijana waliteremka bondeni na simu zao, wakawa wanasimama kwenye kila mti kuandikisha mahali ulipo. Jirani yangu Mzee Ondieki alimkuta Mogaka amesimama mpakani mwa shamba lake, mkono juu, simu ikielekea mbinguni. Mzee ana kesi ya mpaka na ndugu yake tangu mimi ni msichana. Aliamini wapima ardhi wameletwa kwa siri. Alikuwa na panga kwa sababu alikuwa akikatia ng'ombe majani, lakini Mogaka hakungoja maelezo. Alivuka kijito kwa mruko mmoja, akaacha kiatu kimoja na pointi kumi na nane alizokuwa hajazihifadhi.

Ilinibidi niende kwa Mzee Ondieki mwenyewe, ninywe chai vikombe viwili, nieleze, nirudi na kiatu. Baada ya hapo nikawapa vijana utaratibu. Simu inakaa mfukoni. Unapiga hodi, unasalimu, unasema wewe ni mtoto wa nani, unakunywa utakachopewa, unaeleza unapima miti na si ardhi, na majina ya watu hayataandikwa kwenye ramani. Ndipo unatoa simu. Kazi ya siku mbili ilichukua siku tisa, na hakuna kiatu kingine kilichopotea.

Ramani ilipokamilika ilikuwa ya kupendeza. Kila mti ulikuwa nukta nyekundu, mashamba yamepewa namba, kijito kimepita katikati kwa rangi ya samawati. Niliitazama labda mara kumi. Nilisahihisha herufi, nikabadilisha rangi, nikawasifu. Sikuona kasoro yoyote.

Jumatano moja nilifika ukumbini mapema kuchaji laptopu. Nikaifungua nione kama wamefanya zoezi nililowapa. Swali lililokuwa juu kabisa lilisema hivi: "mwalimu wetu anatufundisha vizuri. miti yake arobaini na moja iko karibu na chemchemi kuliko ya watu wote. tutamwambiaje bila kumkosea heshima?"

Nilijua ni Moraa, kwa sababu hakuwahi kutumia herufi kubwa hata nilipomkatia alama.

Mashine ilikuwa imemwandikia barua iliyoanza kwa kusema wangependa kupanga kikao kifupi cha kunipa maoni ya wazi. Chini yake Moraa alijibu: "hapana. hatuwezi kuongea na yeye hivyo. ni kama mama." Mashine ikapendekeza barua isiyo na jina. Akakataa, akasema nitamjua kwa herufi zake. Mashine ikashauri watafute mtu mzima anayeheshimika, aniendee kwa niaba yao. Jibu la hapo ndilo lililonikalisha kwenye benchi. "yeye ndiye mtu mzima tunamtuma kwa wengine." Halafu mstari mmoja wa mwisho: "basi tutoe tu hiyo miti kwa ramani." Mashine ilimwonya kwamba ramani haitakuwa ya kweli, na kwamba mtu yeyote kikaoni angeweza kuligundua hilo. Hakuna aliyeijibu tena.

Nikafungua ramani. Shamba namba kumi na nne, lililo juu kabisa ya chemchemi, lilikuwa tupu kama uwanja wa mpira. Ni shamba langu.

Nilikasirika, nisiwafiche. Niliona wamenichunguza, wamenijadili na mashine, wamenificha kama mgonjwa. Nilitembea hadi nyumbani nikashuka moja kwa moja mpaka kwenye miti yangu. Niliipanda kwa mikono yangu mwaka nilioajiriwa. Wakati huo bonde lilikuwa kinamasi, na afisa aliyekuja kutushauri alisema mikaratusi itakausha maji yaliyotuama na kufukuza mbu. Tulipanda ili ikaushe, nayo ikakausha. Mume wangu Nyaundi huiita watoto wa Madam. Imeezeka nyumba yetu, na nilikuwa nimeiwekea mipango yangu yote ya kustaafu. Nilisimama pale nikaitazama kwa mara ya kwanza kama nukta nyekundu. Hasira ikaniishia, ikabaki aibu.

Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Mwalimu huipokea siku anayoshika chaki. Ni kitu kizuri na sitaki kiishe. Lakini nilikuwa nimewafundisha vijana wale jinsi ya kumwendea Mzee Ondieki, na chifu, na mchungaji, na sikuwafundisha jinsi ya kunijia mimi. Hilo lilikuwa kosa la mwalimu, si la wanafunzi. Mashine haina chinsoni, haioni haya, na ndiyo sababu Moraa alikwenda kwake. Ila haikujua ni kwa nini kila shauri lake halifai. Lililofaa lilikuwa langu kulifanya.

Jumapili niliingia darasani nikasema leo tunakagua ramani yetu kwa picha ya setilaiti, shamba kwa shamba. Nilipofika namba kumi na tatu, Mogaka akainuka akasema anapigiwa simu. Simu yake ilikuwa mezani kwangu, ikichajiwa. Akakaa.

Nikaonyesha namba kumi na nne ukutani. Pale juu ya chemchemi palikuwa na kiraka cha kijani kizito ambacho hata mtoto angekiona. Nikamwomba Moraa ahesabu. Akatazama sakafu.

"Moraa," nikamwambia, "sasa hivi mimi si mama wala mwalimu. Mimi ni shamba namba kumi na nne. Nihesabu."

Moraa aliinua uso hadi kwenye ukuta, hakuufikisha kwangu, akasema kwa sauti ndogo, "Arobaini na moja, Madam."

Nikamwambia aiandike yote kwenye ramani. Aliiandika mti mmoja mmoja huku wengine wakitazama dirishani. Nikaendelea na shamba namba kumi na tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikuwahi kuwaambia kwamba niliyasoma yale mazungumzo. Wanalijua leo, wakisoma hapa. Moraa, nisamehe, lakini nilishasema siku ya kwanza kwamba kila kitu kinabaki pembeni.

Kikao cha wadi kilijaa. Makundi mengine yalileta hotuba ndefu zenye maneno makubwa, moja ikitaja theluji. Yetu ilianza na grafu ya nyimbo, na kina mama wakaimba ubeti mmoja ili watu waelewe, wakapigiwa makofi. Kisha Moraa akaonyesha ramani. Alieleza vizuri, akitazama karatasi yake. Ndipo Mzee Ondieki akasimama.

"Hii doti nyekundu iko juu ya maji kabisa ni ya nani? Sisi wengine tumehesabiwa. Hiyo nyingi hapo juu, mwenyewe ni nani?"

Ramani haikuwa na majina, kama tulivyoahidi watu. Moraa alinitazama nusu sekunde, akarudi sakafuni. Nilijua hatasema, hata kama chemchemi ingepotea hapo hapo na goti la mama yake nalo. Nikasimama.

"Ni yangu, mzee," nikasema. "Nitaikata kabla ya mvua."

Watu walinong'ona. Mzee Ondieki akakohoa. Akasema kama Madam anakata, hata yeye atakata yake, lakini si siku moja na yeye, anataka kuona kwanza. Ukumbi mzima ukacheka, na afisa wa wadi naye akacheka, akaandika. Wiki iliyofuata tuliambiwa chemchemi yetu imechaguliwa, kwa sharti kwamba mikaratusi iliyo karibu nayo iondolewe kabla mafundi hawajaja.

Kukata kulichukua siku tatu. Mwenye msumeno wa mashine alikuwa kijana hodari, na kila mti ulipoanguka vyombo vya jikoni vilitetemeka rafuni. Niliwapikia wafanyakazi, na nililia jikoni. Nyaundi alipochungulia nikasema ni moshi, ingawa siku hizo tunapika kwa gesi. Alirudi kwa wafanyakazi, na nilimshukuru.

Siku ya tatu jioni, jua likiwa bado lipo, Mzee Ondieki alikuja kuona, kama alivyoahidi. Moraa naye alikuja na simu kuandikisha visiki, kwa sababu sharti la ofisi lilihitaji ushahidi. Alipiga hodi, akasalimu, akanywa chai, ndipo akatoa simu. Aliteremka bondeni, akazunguka polepole, akarudi. Mwenye msumeno alikuwa tayari anafunga mashine yake kwenye pikipiki. Nyaundi alikuwa amekaa kwenye gogo na Mzee Ondieki. Moraa akasimama mlangoni pa jiko langu, mbele ya watu wote hao, akanitazama machoni.

"Madam," akasema, "visiki ni arobaini. Kuna mti mmoja umeuacha nyuma ya migomba."

Sikuwa nimeusahau. Ndio niliopanda kwanza kabisa, na nilikuwa nimemnong'oneza mwenye msumeno aupite, kana kwamba migomba inaweza kuficha mkaratusi. Kila mtu aligeuka kunitazama. Mzee Ondieki alianza kucheka mpaka kofia ikamdondoka. Moraa hakucheka, wala hakushusha macho. Niliona aibu, na papo hapo nikaona furaha ambayo sijawahi kuipata siku yoyote ya kutoa vyeti.

Nikamwita mwenye msumeno afungue tena mashine yake.